Uso wa Mwanangu Kwenye Theluji

Mwezi wa pili, mwaka wetu wa tatu hapa Duluth, Minnesota, mwanangu alirudi kutoka shule na picha ya darasa. Walipigwa nje uwanjani, theluji imewafika magotini, watoto ishirini na mwalimu wao. Aliitoa kwenye begi polepole, akaiweka mezani, akaniambia nimtafute. Nilimtambua kwa koti, lile la njano nililomnunulia mwenyewe. Juu ya koti kulikuwa na kofia, na kati ya kofia na koti kulikuwa na doa jeusi. Macho hayapo, pua haipo, wala lile pengo la jino lililong'oka wiki ileile na ambalo alikuwa akimwonyesha kila mtu. Wenzake wote walionekana vizuri, hadi wekundu wa pua zao kwa baridi. Akaniuliza, "Mama, mbona mimi sina uso?"

Nilimjibu kwamba picha imeharibika, nikaiweka kabatini. Usiku kazini, nikizunguka kuwageuza wazee vitandani, swali lake lilikuwa linanizunguka na mimi. Nimekulia Mwanza, na mjomba wangu alikuwa na studio ya picha, chumba kimoja chenye pazia la kuchorwa na benchi la mbao. Nimekua nikinusa dawa za kusafishia picha. Kwenye chumba kile chenye taa mbili, mjomba alikuwa anamtoa mtu mweusi tii akaonekana hadi mikunjo ya kope. Alikuwa akisema picha ni uso, mengine yote ni ukuta. Sasa ilikuwaje mtoto wa ukoo ule ule akose uso mbele ya kamera ya kisasa, mchana kweupe?

Nikanunua kamera iliyotumika, na lenzi mbili, na nikaanza kutafuta.

Kosa linaanzia kwenye kitu kidogo sana. Ndani ya kamera kuna kipimo cha mwanga, na kipimo hicho hakijui kinatazama nini. Kinajua kiasi tu. Kimefundishwa kwamba dunia, ukiikoroga yote pamoja, inatoka kijivu cha wastani, kile kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaokipiga. Ukikielekeza kwenye theluji mpya, ambayo inarudisha asilimia 80 hadi 90, kinaona mwanga umezidi, kinaubana. Theluji inatoka ya kijivu kama majivu ya jikoni, na kila kilicho cheusi kuliko theluji kinazama. Mtoto mzungu anazama kidogo, bado unamwona. Mwanangu anazama mpaka chini.

Na kuna historia nyuma yake, ambayo nilipoijua nilikaa nayo siku kadhaa. Enzi za filamu, maabara za kusafisha picha zilikuwa zinasawazisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi hizo za Kodak ziliitwa Shirley, kwa jina la mwanamke wa mwanzo kupigwa. Ngozi yake ikitoka sawa, basi kila kitu kimetoka sawa. Watu weusi walilalamika kwa miaka mingi kwamba kwenye picha za pamoja wanabaki meno na macho. Msukumo mkubwa wa kurekebisha filamu, miaka ya 1970 na 1980, ulitoka kwa kampuni za samani na za chokoleti, zilizotaka mbao zao na chokoleti yao zionekane vizuri kwenye matangazo. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990. Meza ilitangulia kuonekana, ndipo tukafuata sisi. Siwezi kuandika hilo kwa utulivu, na sijaribu.

Dawa yenyewe haina uchawi. Kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa mwanga, na kwenye theluji unajumlisha. Siku ya mawingu naongeza hatua moja, siku ya jua kali moja na nusu, wakati mwingine mbili, mpaka theluji irudi kuwa theluji. Kwa uso wa mtu mweusi nafanya zaidi. Namsogelea mpaka uso ujaze kioo, napima mwanga wa uso wenyewe, kisha napunguza kidogo, kwa sababu kipimo kile kile kikiona uso mweusi nao kinataka kuufanya kijivu. Nafunga vipimo hapo, narudi nyuma, napiga. Theluji ya nyuma ikiungua kidogo, yaani ikatoka nyeupe tupu, iungue. Najua wapiga picha wa mandhari wanaoona theluji iliyoungua ni dhambi, na kwa mlima usio na mtu nakubaliana nao. Lakini mbele yangu akiwa amesimama mtu, sitampoteza yeye ili niokoe lundo la barafu.

Nilijifunzia kwenye maegesho ya magari nyuma ya nyumba tunayopanga, asubuhi nikitoka zamu, mwanangu akisubiri basi la shule. Dakika kumi kila siku. Huko ndiko nilikogundua kwamba theluji si adui wa uso mweusi hata kidogo. Ule weupe wote ulio chini unatupa mwanga juu, chini ya kidevu, chini ya nyusi, ndani ya macho. Mjomba alikuwa anatandika shuka jeupe miguuni pa mteja ili apate mwanga wa namna hiyo. Hapa shuka limetandikwa mji mzima, tena bure.

Halafu jua lenyewe. Mwanza jua la saa sita liko utosini, linachimba mashimo ya kivuli chini ya macho, ndiyo maana wapiga picha wa kule wanapenda asubuhi na jioni. Duluth mwezi wa kumi na mbili jua linachomoza karibu saa mbili, linazama saa kumi na dakika ishirini, na hata adhuhuri halipandi juu ya nyuzi 20 hivi kutoka upeo. Linapita pembeni siku nzima, likiwapiga watu mashavuni kama jua la jioni kule ufukweni. Kwenye ngozi nyeusi mwanga huo unakaa juu ya mfupa wa shavu kama mafuta. Na vivuli kwenye theluji ni vya buluu, buluu kweli, kwa sababu pale jua halifiki, pameangaziwa na anga tu. Mara ya kwanza nilidhani kamera imekosea rangi. Nikatoa jicho kwenye kamera nikatazama kwa macho yangu, na ilikuwa buluu.

Majira ya baridi mawili yaliyopita, familia moja ya Wakongo kutoka Uvira, wanaoishi Fargo, walikuja kwa ndugu zao hapa baada ya harusi ya binti yao. Walitaka picha kando ya Ziwa Superior. Walikuwa watu kumi na wanne. Bibi harusi maji ya kunde, bwana harusi mweusi wa kung'aa, na babu mzaa mama aliyekuwa mweusi kuliko wote, kavaa koti refu jeusi. Nje nyuzi 19 chini ya sifuri, na upepo. Kila mmoja nilimpima akiwa ndani ya gari, dirisha limeshushwa, akitazama theluji. Nilijua hesabu ya kila uso kabla hajakanyaga nje. Akina mama walikuwa wamejifunga vitenge juu ya makoti, vitenge vya sare, rangi ya chungwa na kijani, na walipojipanga kwenye ule weupe ilikuwa kama mtu amefungua duka la nguo juu ya barafu.

Babu nilimweka mbele, jua likimjia kwa kushoto, theluji ikimrudishia mwanga kutoka chini. Mama mmoja akaniita, "Dada, fanya mbio, baridi iko inatukula!" Nikawaomba wavue glovu kwa hesabu ya kumi tu, kwa sababu mikono ya maharusi bila pete kuonekana ni picha ya nani? Wakavua. Nikahesabu kwa sauti, na kufika saba wote walikuwa wanahesabu na mimi, wanacheka, moshi unawatoka mdomoni. Hiyo ndiyo picha waliyoichukua. Moshi wa pumzi kumi na nne umepigwa na jua kwa pembeni, na uso wa babu uko katikati, kila mkunjo uko mahali pake. Babu aliitazama kwenye kioo cha kamera muda mrefu, huku wenzake wameshakimbilia kwenye magari, akasema kwamba picha yake ya mwisho nzuri aliipigwa Bujumbura akiwa kijana.

Kuhusu vifaa nitasema machache, kwa faida ya aliyehamia huku na kamera yake. Betri inakufa haraka kwenye baridi, kwa hiyo nyingine mbili zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, na ile iliyozimika ukiipasha joto inaamka tena kidogo. Usipumulie kioo, pumzi inaganda hapo hapo. Na ukirudi ndani usiifunue kamera. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, uingie nayo hivyo, uiache saa moja au mbili mpaka ipate joto la nyumba, unyevu ubaki juu ya plastiki. Mwaka wa kwanza sikujua hilo. Niliingia na kamera mkononi, ikafunikwa na maji kama glasi ya soda, ukungu ukaingia hadi ndani ya lenzi, na nililia jikoni nikidhani nimetupa mshahara wa miezi miwili. Ilikauka baada ya siku mbili.

Kama saa moja kwa gari kaskazini-magharibi mwa Duluth kuna kinamasi kikubwa kinaitwa Sax-Zim Bog, misonobari myembamba imesimama kwenye maji yaliyoganda, na majira ya baridi bundi wa kaskazini huja kuwinda huko. Aliye maarufu ni bundi mkubwa wa kijivu. Ukimwona juu ya nguzo utadhani ana ukubwa wa mtoto wa miaka miwili, kumbe karibu wote ni manyoya. Uzito wake ni kilo moja na kidogo. Uso wake ni sahani, duara ndani ya duara, na sahani hiyo inakusanya sauti na kuipeleka masikioni. Anamsikia panya akitembea chini ya theluji yenye kina cha nusu mita. Hamwoni, anamsikia tu. Majira ya baridi ya 2004 kuingia 2005, panya walipopungua huko kaskazini, walihesabiwa zaidi ya 5,000 ndani ya Minnesota.

Nilimpata wangu asubuhi moja nikitoka zamu ya usiku, macho yamevimba kwa usingizi. Alikuwa kwenye kisiki, mita kama thelathini kutoka barabarani. Nikazima gari, nikashusha kioo, nikalaza lenzi juu ya mfuko wa mchele niliokuwa nao kwa kazi hiyo. Sikushuka. Gari halimsumbui, mtu akishuka anamsumbua. Tulikaa hivyo dakika arobaini, yeye akiigeuza ile sahani pole pole, kushoto, kulia, kisha chini, ikatulia. Akaachia kisiki. Alipita mbele yangu bila sauti yoyote, hata ya upepo, akatumbukia kwenye theluji uso kwanza mpaka mabawa yakabaki nje yametandazwa kama mkeka. Alipoinua kichwa alikuwa na theluji kwenye nyusi na mkia wa panya unaning'inia mdomoni. Nilipata picha tatu kabla betri haijazimika.

Kuna watu wanaokuja na panya wa dukani ndani ya sanduku, wanawatupa kwenye theluji ili bundi aruke kuelekea lenzi yao. Picha zinatoka za ajabu, bundi anakutazama machoni, mabawa wazi. Mimi picha hizo sizitaki. Ndege anayefundishwa kwamba chakula kinatoka kwenye gari ataletwa barabarani, na barabarani atagongwa. Na bundi anayewinda mchana kwenye baridi kali ana njaa. Kila mara unapomrusha bila sababu unamtoza nguvu ambazo hana.

Nilimtumia mama picha kwa WhatsApp, Mwanza ikiwa jioni. Ningepaswa kufikiri kwanza. Kwetu bundi si ndege wa kutumiana. Akilia juu ya paa la nyumba, watu wanaulizana nani anaumwa. Mama alipiga simu muda huo huo, hata salamu hakutoa. "Mwanangu, huyo bundi amekukuta wewe, au wewe ndiye umemfuata?"

"Nimemfuata mimi, mama. Kwake, porini."

Akanyamaza. Nikasikia redio ya jirani. "Basi kama ni kwake hakuna neno. Ila usimkaribie sana. Mwache na shughuli zake."

Nimesoma maelekezo mengi ya kupiga picha wanyamapori wakati wa baridi, na sijaona lililo sahihi kuliko hilo.

Mama anauza dagaa mwaloni Kirumba, na ziwa analijua. Kwa hiyo picha zilizomgusa zaidi ni za wavuvi wa huku. Duluth na Mwanza zina udugu ambao watu wengi hawaufikirii. Superior ndilo ziwa la maji baridi lenye eneo kubwa kuliko yote duniani, kama kilomita za mraba 82,000, na la pili yake ni Viktoria letu, kama 68,800. Waojibwe, wenye nchi hii, wanaliita Gichigami, maji makuu, kama vile sisi tulivyosema Nyanza kabla ya kuja jina la malkia. Nilitoka kando ya la pili nikaja kukaa kando ya la kwanza.

Wavuvi wa huku hutoka kwenye barafu ya mto St. Louis unapoingia ziwani. Barafu ikifika sentimita kumi inambeba mtu. Wanatoboa kwa keekee ndefu, wanaweka hema dogo juu ya tundu, na jioni wanawasha taa ndani. Niliwapiga usiku mmoja kwa mbali, mahema mekundu na ya buluu yanang'aa kwenye giza, kamera juu ya stendi, shata, ule mlango wa kuingizia mwanga, imefunguliwa sekunde nane. Mama alipoiona akasema, "Hao ni wa dagaa." Ndivyo zinavyoonekana karabai za wavuvi ukisimama Mwanza usiku usio na mwezi, mji mwingine umewashwa juu ya maji. Nilipomweleza kwamba hayo ni maji yaliyoganda na mtu ameketi juu yake kwenye kiti, akaniuliza maswali hadi salio likakata.

Asubuhi za baridi kali kuliko zote, hewa ikishuka chini ya nyuzi 20 hasi wakati ziwa bado halijaganda, maji yanatoa moshi. Maji ni ya moto kuliko hewa, basi yanafuka kama sufuria, na jua likichomoza nyuma ya moshi huo kila kitu kinakuwa dhahabu. Hiyo nimeipiga mara nyingi. Ni nzuri, lakini haina mtu, na nikiwa mkweli huwa naitazama mara moja nafunga.

Mama huwa ananiuliza theluji ikoje ukiishika. Ni swali la zamani. Mwezi wa tano 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alikuwa safarini kwenda Uchagani kutoka pwani, akaona kitu cheupe juu ya Kilimanjaro. Mwenyeji aliyemwongoza alikiita kwa neno moja: baridi. Rebmann akaelewa ni theluji. Alipoandika hivyo Ulaya, mabingwa wa jiografia wa London walimkatalia kwa miaka, kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Yule mwongozaji hakuwa amekosea. Alisema kile ambacho mkono unajua.

Jicho nalo lina lake la kujua, na kwa hilo ninamshukuru mkulima mmoja wa Jericho, Vermont, Wilson Bentley. Tarehe 15 Januari 1885 aliweza kupiga picha ya chembe moja ya theluji, kamera ikiwa imeunganishwa na hadubini, na hadi alipofariki 1931 alikuwa amepiga zaidi ya 5,000. Alizikinga kwenye ubao uliopakwa rangi nyeusi, kwa sababu chembe nyeupe huioni mpaka iangukie kwenye cheusi. Kisha, kwenye nakala ya kioo, alikwangua kwa kisu kuzunguka umbo la chembe, saa nyingi, ili nyuma yake patoke peusi kabisa. Niliposoma hilo niliweka kitabu chini nikaenda dirishani. Kulikuwa kunanyesha theluji.

Nilimwita mwanangu tukatoka. Ilikuwa ile theluji kavu ya nyuzi 15 hasi, inashuka moja moja bila upepo, kila chembe peke yake. Nilimvua kofia, nikamwambia asitikise kichwa. Zilimtua kwenye nywele zikasimama bila kuyeyuka, nyota za ncha sita juu ya nywele nyeusi za kipilipili, kila ncha na vijitawi vyake, na nyingine kwenye nyusi, na kwenye kope. Nikasogea na lenzi ya karibu mpaka pumzi zetu zikakutana, nikapima mwanga wa shavu, nikapunguza kidogo. Alikuwa anajizuia kucheka, na jino jipya lilishaota, kubwa, limepinda kidogo.

Alitaka aone kwanza yeye. Aliushika ule mkanda wa kamera kwa mikono miwili, akakuza picha kwa kidole kama anavyokuza kwenye simu, akahesabu chembe kwenye kope ya kushoto: nne. Akakuza jicho, akanikuta mimi ndani ya jicho lake, nimeinama na kamera. Akasema tumtumie bibi.

Jibu la mama lilikuja usiku, ujumbe wa sauti, sekunde sita. "Huyu ana macho ya babu yake kabisa. Mvalishe mtoto kofia."